Jiwe Lililosagwa Mbale



Ninyi mkaao Eastlands mwajua jambo hili. Ni jioni, watu wanashuka kwenye matatu, mahindi yanachomwa kando ya barabara. Ghafula moto mkubwa unakata anga, unaangaza mapaa, unazimika. Mtu wa Buruburu huapa kwamba umeanguka Dandora. Mtu wa Dandora huapa kwamba umeanguka Ruai. Mwingine hunong’ona kwamba dunia imefika mwisho.

Kumbe hicho ni kimondo, na huanza kuwaka yapata kilomita 100 juu yetu. Ni jiwe lililokuwa likizunguka jua. Likiingia hewani kwa mwendo wa kilomita 11 au zaidi kila sekunde, hewa iliyo mbele yake hubanwa, hupata joto kali, na jiwe huyeyuka. Mengi huishia huko juu. Machache hufika chini, nayo huja mchana kama yajavyo usiku. Asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011 mawe ya namna hiyo yalianguka karibu na Thika, si mbali na sisi.

Lakini leo nataka tukumbuke Mbale, nchini Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa alasiri ikiwa imepita, mawe mengi yalianguka mjini humo na kandokando yake. Kubwa lilipita kilo 27. Moja dogo, la gramu tatu hivi, liligonga majani ya mgomba kisha likampiga mvulana kichwani. Hakuumia.

Miaka ile UKIMWI ulikuwa ukimaliza jamaa nzima nzima, na dawa za kuvituliza virusi kama tulizo nazo leo hazikuwapo. Basi wengine walisema, Mungu ametuletea dawa. Wakayasaga mawe yale, wakala unga wake. Wapimaji walikuta mwamba na chuma. Dawa haikuwamo.

Tusiwacheke, ndugu zangu. Mfa maji haachi kutapatapa. Hata Efeso ya kale, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 19, watu walijivunia kitu walichosema kimeanguka kutoka juu, na mafundi wakapata faida kubwa kwa ibada ile. Palipo na hofu, biashara haikawii.

Kwa hiyo, moto ule ukipita tena juu ya Jogoo Road, mwite mtoto wako atazame, umweleze ni nini. Ni kazi ya Muumba, kama mvua na mlima. Na kama jirani yako ni mgonjwa, usimwache angojee jiwe. Mshike mkono, mpeleke zahanati, kisha mwombee.

Mungu awabariki. Kwaherini.