Je, ilikuwa helikopta? Kutoka Kisumu hadi Socorro

Leo naiacha programu kidogo, tutazame angani.

Mwaka 2020, jioni moja hapa Kisumu, nukta nyeupe ilitulia juu sana upande wa ziwa, bila mlio wowote. Jirani yangu akasema, "Omera, hiyo ni helikopta ya jeshi." Nikafungua tovuti ya Flightradar24 nikaikuta: puto la Loon, mradi wa kampuni ya Alphabet, likirusha intaneti ya Telkom Kenya kutoka kimo cha kilomita 20 hivi. Huduma hiyo ilizinduliwa Julai 2020 kwa maputo kama 35, ikafungwa Machi 2021. Mahali, saa na kimo vililingana. Mjadala ukaisha.

Ila si kila mjadala wa helikopta huisha hivyo. Chukua kisa cha Socorro, mji mdogo wa New Mexico, Marekani. Jioni ya Aprili 24, 1964, askari polisi Lonnie Zamora alikuwa akifukuza gari lililokuwa likienda kasi. Akasikia ngurumo, akaona moto. Bondeni aliona chombo cheupe chenye umbo la yai kimetua, na kando yake watu wawili waliovaa nguo nyeupe. Chombo kikapaa kwa kishindo, kisha kikaenda zake kimya. Kiliacha vichaka vilivyoungua na alama nne ardhini.

Jeshi la Anga lilichunguza kupitia mradi wa Blue Book. Mkuu wa mradi, Hector Quintanilla, aliulizia hata vyombo vya majaribio ya safari za mwezini, asipate jibu. Kisa kikawekwa kwenye orodha ya visivyotambuliwa.

Miaka mingi baadaye likapatikana dokezo. Daftari la uwanja wa makombora wa White Sands lilionyesha kwamba siku ileile helikopta ilibeba Surveyor, chombo kisicho na rubani kilichokuwa kikiandaliwa kutua mwezini. Chombo chenye miguu, wahandisi, jeshi jirani: inavutia, sivyo?

Lakini tusome daftari vizuri. Jaribio lilikuwa la asubuhi. Zamora aliona chombo chake karibu saa kumi na mbili jioni. Surveyor ilikuwa na miguu mitatu, alama zilikuwa nne. Na helikopta haiondoki kimya.

Sisi waandishi wa programu tunaujua mtego huu. Mfumo ukianguka jioni, unakuta kwenye kumbukumbu kwamba mtu alibadilisha kitu asubuhi, unamlaumu, unafunga faili. Kesho unaanguka tena. Tarehe kulingana haitoshi.

Sisemi Zamora aliona wageni kutoka sayari nyingine. "Hakijatambuliwa" maana yake ni hiyo tu. Labda ni helikopta ya safari nyingine, lakini hiyo nayo inahitaji daftari lake.

Basi ukiona kitu juu ya Dunga au Usoma, andika saa na upande kilikoelekea kabla hujakipa jina. Tuonane tena.