Nyumba ya Upweke na Kibanda cha Mzimu: Kutoka Unguja hadi Nyakiyumbu

Riwaya ya mizimu ya Kiingereza ina nyumba yake maalumu. Iko shambani, mbali na majirani, na aliyekufa amekataa kuihama. Henry James aliitumia mwaka 1898 katika The Turn of the Screw, na wengi wamemfuata. Katika Kiswahili nyumba hiyo ni nadra. Wahakiki wengine husema ni kwa sababu riwaya yetu bado changa. Sisi tunaona sababu iko kwingine, nayo ni makazi ya mzimu mwenyewe.

Tumtazame Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mzimuni. Msomaji aangalie neno hilo: kwa Kiswahili mzimu ni roho, na pia ni mahali. Mzimu hajavamia nyumba ya mtu. Ana kwake, na watu ndio wanaomwendea. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hatishiki. Anamtafuta binadamu aliyejificha nyuma ya hofu ya wenzake.

Mzimu kuwa na kwake si jambo la Unguja peke yake. Tunalikuta pia mbali na pwani, Nyakiyumbu, wilayani Kasese, karibu na Bwera na mpaka wa Kongo. Katika imani za asili za Wakonzo, Kithasamba ndiye mwenye Rwenzori na theluji yake. Roho zilijengewa vibanda vidogo karibu na nyumba au migombani, zikapelekewa chakula. Basi kijumba cha mzimu kipo, lakini hakuna aliyekiingilia: kilijengwa kwa ajili yake. Mwandishi wa Kiingereza angeishiwa na kisa hapo hapo!

Hata hivyo nyumba za kutisha zimekuwapo huko. Tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu kuwa huru kutoka Toro, na mapambano ya milimani yakaendelea hadi 1982. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe na Bwera. Katika miaka iliyofuata maelfu ya watu waliziacha nyumba zao za miteremkoni wakaishi kambini. Aliyerudi kulala peke yake katika nyumba kama hiyo alikuwa na haki ya kuogopa mlio wa usiku, na alichokiogopa kilikuwa na bunduki. Bwana Msa angelielewa hilo upesi.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia. Waganda wengi walikizoea Kiswahili kama lugha ya askari, na sifa hiyo haijafutika yote. Bwera imekizoea pia kama lugha ya biashara inayovuka kutoka Kongo. Atakayeiweka riwaya ya namna hii Nyakiyumbu itambidi aamue sauti iliyo nje ya mlango inasema lugha gani. Ikisema Kikonzo, ni jirani, au marehemu wa ukoo. Ikisema Kiswahili, huenda ni mchuuzi aliyechelewa sokoni Mpondwe, huenda ni mwenye bunduki, na aliye ndani hatajua mpaka afungue.