Dungu la Mjini

Daladala ilikuwa inatoka Chukwani kwenda mjini. Bibi aliyekaa mbele yangu alinyoosha kidole kwenye nguzo ya kando ya barabara. "Mwanangu, kile kinachomeremeta juu kile ndiyo nini?" Utingo alimjibu bila ya kugeuka: "Jicho la serikali hilo, bibi." Bibi akavuta mtandio wake hadi chini ya kidevu, na mkono ukabaki pale pale mpaka nguzo ikatupita.

Utingo alitaja jina tu. Lakini kwetu jicho halina jina zuri. Kumtia mtu jicho si kumtakia heri, na kijicho ni husuda. Bibi alifanya anachofanya kila mtu akihisi ametiwa jicho: alijifunika. Neno moja lilitosha kuigeuza nguzo ya Baraza la Manispaa kuwa kitu cha kujikinga nacho.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji mwenzangu katika ulinzi wa lugha hii, tuyapime majina ya kitu hiki, kamera ya barabarani, kabla hayajakauka. Hapo Chukwani ndipo lilipo Baraza la Wawakilishi, na huko ndiko neno la barabarani linakogeuzwa kuwa neno la sheria. Likishaingia kwenye sheria, kulitoa ni kazi.

Tuanze na kamera yenyewe. Kwa Kilatini camera ni chumba. Neno hilo hilo lilipita Ufaransa, likatua Uingereza na kubadilika sura, kisha likatufikia sisi: chemba. Leo ukimvuta mtu chemba, unamtenga na masikio ya watu. Kamera na chemba, basi, ni ndugu wa tumbo moja, mmoja anatundikwa hadharani na mwengine anafunga mlango. Kamera nailaki kwa mikono miwili, ibaki kama ilivyo. Shida iko kwenye neno tunaloliunganisha nayo.

Wengi husema kamera za usalama. Zilipoanza kutundikwa Unguja zilikuja chini ya mradi ulioitwa Mji Salama, na jina likazifuata. Usalama ni neno tamu mno, lakini nchini kwetu lina kivuli. Mtu akikunong'oneza kwamba fulani ni mtu wa usalama, hakusudii kwamba ni mtu wa amani. Tena usalama ni matokeo, haufungwi kwa skrubu juu ya nguzo. Na tukilipa kamera neno hilo, faragha inaonekana kama adui wa usalama, ilhali Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imeviweka faragha na usalama wa mtu chini ya kichwa kimoja. Waliotunga kichwa kile walijua kuwa ni haki mbili za nyumba moja.

Wengine husema kamera za ulinzi. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu kulinda ni kitenzi chenye udongo kwenye miguu. Mkulima wa mpunga hulinda shamba. Hujenga dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, akakaa huko na kombeo lake kuamia ndege. Ndege wakishuka, anapiga kelele, anarusha jiwe. Huko ndiko kulinda: kuona na kuzuia kwa wakati ule ule. Kamera inaona, lakini haipigi kelele wala hairushi jiwe. Mwizi akinyakua mkoba Darajani, kamera haimzuii, inamkumbuka. Kuiita mlinzi ni kuwaahidi watu kisichokuwepo, na mwenye duka aliyeahidiwa mlinzi ataacha kujilinda.

Kitu kinachoona na kukumbuka, kisha kikaulizwa, kina jina lake la siku nyingi: shahidi. Napendekeza kamera shahidi, kwa mtindo ule ule uliotupa askari kanzu. Neno shahidi linakuja na masharti yake tayari mgongoni. Shahidi huitwa, hajipeleki. Huulizwa juu ya jambo moja la siku moja, si juu ya maisha yote ya jirani yake. Husailiwa na kupingwa. Hahukumu. Diwani atakayezoea kusema kamera shahidi atasikia ugumu mdomoni siku atakapotaka kuitumia kujua nani alihudhuria mkutano wa nani.

Na lile dungu tusiliache lipotee na mashamba. Chumba ambamo watu hukaa mbele ya skrini tunakiita chumba cha udhibiti, neno baridi linalonuka amri. Kiitwe dungu. Dungu huonekana na kila mpita njia, hujulikana ni la shamba la nani na leo amepanda nani. Aliye juu yake anatazama ndege, hatazami jikoni kwa watu. Dungu lililofichwa si dungu tena, ni mavizio.

Picha zilizorikodiwa zinaitwa kumbukumbu, na hilo halinikeri. Ila nataka tuongeze amana. Aliyewekewa amana haitumii kwa haja yake, hamwazimi mwengine bila ya idhini, na anajua siku itaondoka mikononi mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazungumza juu ya mkusanyaji na mchakataji. Ni maneno ya kazi, yanafaa. Lakini mkusanya kuni humaliza shughuli akifunga mzigo, na mzigo wa sura za watu ndiyo kwanza unaanza ukishafungwa. Mbele ya wananchi wake, Baraza la Manispaa lijiite mwekewa amana.

Muda wa kuhifadhi? Muda ni mpana kama bahari. Muhula ni bora, kwani una mwanzo na una kikomo, na kila mwanafunzi anajua muhula ukifungwa watu huenda makwao.

Sasa neno linalonitia hofu kuliko yote: utambuzi wa sura. Nusu ya pili ya jina hili ni sahihi kuliko walivyokusudia waliolitunga. Sura imetoka Kiarabu, na huko ni umbo na ni picha pia. Uso ni wa kwetu wa Kibantu, na uso umeumbwa na haya. Mashine inaijua sura, haijui uso. Nusu ya kwanza ndiyo hatari. Kutambua ni kufikia yakini, na mashine haifiki huko. Inachukua vipimo vya picha mbili na kusema zimekaribiana kiasi gani. Hilo kwa Kiswahili ni kufananisha, na tazama jinsi lugha ilivyotuandalia: ukimgusa mtu bega Forodhani akageuka kumbe si yeye, unasema, "Samahani, nimekufananisha." Kitenzi chenyewe kimebeba uwezekano wa kukosea, na radhi juu yake. Basi tuseme ufananishaji wa sura. Askari akiletewa karatasi iliyoandikwa "ametambuliwa," atatoka na pingu. Ikiandikwa "amefananishwa," atatoka na maswali. Kijana asiye na kosa anaishi katika nafasi iliyopo baina ya vitenzi hivi viwili.

Faragha tunaitaja sana, na asili yake ni utupu, nafasi iliyoachwa wazi. Ni mahali. Lakini pwani tuna neno la tendo: sitara. Nyumba za Mji Mkongwe zimekabiliana dirisha kwa dirisha, na jirani mwema husitiri hata alichokiona. Mafundi wa kamera wana uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi ili dirisha la mtu lisionekane kabisa. Kiraka kile kwenye mikataba yetu kiitwe sitara, na kila kamera inayoelekea kichochoro iulizwe sitara yake iko wapi.

Mwisho ni kibao cha chini ya nguzo, pale ambapo nguzo ina kibao. Huandikwa Tahadhari. Tahadhari anaambiwa mwenye nia mbaya, au mwenye kukaribia umeme. Bibi wa kwenye daladala si mmoja wao. Neno lake ni Ilani, na kwa maneno tuliyoyapima ingesomeka hivi:

Ilani. Hapa pana kamera shahidi ya Baraza la Manispaa. Picha zake ni amana. Muhula wake ni siku … Haifananishi sura. Dungu lipo … na ukitaka kuuliza, mlango wake uko wazi kuanzia saa …

Nafasi tatu nimeziacha wazi. Ni za madiwani kujaza, kwa wino.