Chemchemi za maji moto: mlinde mtoto safarini

Baada ya kutembea mlimani siku nzima, kupitia chemchemi ya maji moto hupumzisha miguu. Lakini si kila chemchemi ni ya kuoga. Kule Bogoria nchini Kenya, na Sempaya nchini Uganda karibu na milima ya Rwenzori, maji huweza kuivisha yai.

Kabla ya kuingia
• Waulize wenyeji mahali watu wanapooga.
• Mshike mtoto mkono. Ukingo huweza kubomoka, na maji ya nyuzi 60 humuunguza vibaya kwa sekunde chache.
• Asizamishe kichwa. Maji ya uvuguvugu huweza kuwa na amiba anayeingia kupitia puani na kushambulia ubongo. Ni nadra, lakini huua.
• Mjamzito na mtoto mchanga wasiingie.

Akiungua
Mtoe haraka, mvue nguo zisizonata kwenye ngozi, kisha mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.