Protini nyingi yaweza kuwaponza vivinimbi

WAFUGAJI wengi wa nguruwe huamini kuwa kivinimbi aliyeachishwa kunyonya anafaa kurundikiwa protini ili anenepe upesi. Imani hiyo huwagharimu vivinimbi wenyewe.

Katika siku za kwanza baada ya kutenganishwa na mama, tumbo la kivinimbi huwa bado changa. Asidi yake ni haba, na vimeng'enya vya kusaga protini ya mimea havijatosha. Protini isiyosagika huteremka hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria, kisha mnyama huanza kuhara. Wengi hufia hapo.

Mwili hauhitaji protini kwa wingi wake tu, bali asidi amino zinazoiunda, tena kwa uwiano. Katika chakula cha mahindi na soya, ya kwanza kupunguka ni laisini. Kilo moja ya mahindi ina takriban gramu 2.5 za laisini, ilhali kivinimbi wa kilo 7 hadi 11 anahitaji gramu 13.5 zinazosagika katika kila kilo ya chakula, kulingana na viwango vilivyotolewa Marekani mwaka wa 2012. Baada yake hufuata threonini, methionini na triptofani. Moja ikipunguka, ziada ya zile nyingine huvunjwavunjwa na kuishia katika mkojo. Hiyo ni pesa ya mfugaji inayomwagika sakafuni.

Ndiposa asidi amino za viwandani zikawa na thamani. Laisini hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria, ufundi ulioanzia Japani katika miaka ya 1950. Kilo moja ya unga wake ina laisini sawa na iliyo katika takriban kilo 27 za mashudu ya soya. Zikiongezwa zote nne, protini inaweza kushushwa kutoka asilimia 22 hivi hadi 18 bila ukuaji kudorora, na kuhara hupungua. Barani Ulaya jambo hili lilipata uzito zaidi Juni 2022, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku dozi kubwa za oksidi ya zinki zilizotumiwa kuzuia kuhara.

Hata hivyo, unga huo haukisiwi kwa kiganja. Hupimwa kwa mizani, ukakorogwa kwanza na chakula kidogo kabla ya kuchanganywa na gunia zima. Protini ikishushwa kupita kiasi, valini nayo hupunguka na vivinimbi hudumaa.

Asiyeweza kuzipata anaweza kutumia omena safi isiyo na mchanga, ambayo ina laisini nyingi, pamoja na soya iliyokaangwa vyema. Soya mbichi asiwape kamwe, kwani ina kemikali inayozuia protini kusagwa tumboni.