Uhai na Mauti katika Jina la Picha

Hadi katikati ya karne ya 17, wachoraji wa Uholanzi hawakuwa na jina moja la kujumuisha picha za matunda, maua na vyombo. Kila picha iliitwa kwa kilichomo: kifungua kinywa, karamu, matunda. Ndipo lilipozuka neno stilleven. Sehemu yake ya kwanza ni utulivu, ya pili ni uhai. Na katika lugha ya karakana, uhai huo ulikuwa pia kitu halisi kilichowekwa mbele ya mchoraji. Wafaransa, katika karne ya 18, wakasema nature morte: maumbile yaliyokufa. Hili si suala la tafsiri tu. Mnamo 1667 Félibien alikwisha kuwaweka wachoraji wa vitu visivyo na mwendo chini ya wale wa wanyama hai, sembuse wa binadamu. Jina la Kifaransa lilirithi hukumu hiyo.

Chardin alipopokewa na Akademia ya Paris mwaka 1728, alisajiliwa kuwa mchoraji wa wanyama na matunda. Lakini katika mojawapo ya picha alizowasilisha, chini ya samaki aina ya taa aliyetumbuliwa na kutundikwa, paka amesimamisha manyoya juu ya chaza. Yu hai mno! Mhakiki wa Kiswahili anayeandika "picha ya vitu visivyo na uhai" amekwisha kuchagua upande, pengine bila kukusudia.