Historia ya Wengi, Kitabu cha Mmoja: Mfano wa Ziwa Mweru

Mwaka 2006 Jeff Howe, mwandishi wa jarida la Wired la Marekani, alibuni neno la Kiingereza kwa utaratibu wa kuitangaza kazi kwa watu wengi wasiojuana ili kila mmoja achangie kidogo. Wanafunzi wetu hupenda kulifasiri "ujima". Sikubaliani nao. Katika ujima wa kulima, mikono yote hufanya kazi ileile; hapa kila mchangiaji ana kitu asichokuwa nacho mwenzake.

Tazama Nchelenge na Bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuta kwamba historia ina wenyewe. Kila ukoo ulijua jinsi ulivyofika mtoni. Ya ukoo mwingine uliwaachia wahusika. Hapakuwa na mzee mmoja aliyeijua yote, hata awe na kumbukumbu ya ajabu. Kuikusanya kulihitaji vinywa vingi.

Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, mfalme wa Walunda wa Luapula, aliifanya kazi hiyo pamoja na wazee wake, akisaidiwa na padre Edouard Labrecque. Kitabu kilitoka kwa Kibemba mwaka 1951, Mwata akiwa amekwisha kufariki. Kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Wahenga Wangu na Watu Wangu. Mwalimu wa sarufi hawezi kukipita kimilikishi hicho, tena mara mbili! Washila, wavuvi waliokuwa chini ya Nkuba kabla ya Walunda kuwashinda, wamo kitabuni, lakini wanasimuliwa kutoka ikulu ya mshindi.

Suala hilohilo liliukabili Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Kwa njia ya intaneti msemaji yeyote wa Kiswahili aliweza kupendekeza neno, nao wahariri wakalipima. Sasa, sokoni Kashikishi, jirani na Nchelenge, samaki wadogo mfano wa dagaa huitwa chisense. Mchuuzi anayevuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo amekua na Kiswahili kinywani. Akilileta neno hilo, mhariri aliyelelewa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ataliandika kuwa la Kiswahili, la mahali, au atalifuta?